Pembe ya Baruti, Kitako cha Msonobari na Mto Pangani

Pembe niliyoipata mwezi Machi ilikuwa ya maksai, bado ina mfupa wake ndani. Tangu nihamie Pennsylvania nimevutiwa sana na vyombo vya wawindaji wa karne ya 18, na katika vyote hivyo pembe ya baruti, yaani pembe ya kubebea baruti ya bunduki, ndiyo iliyoniteka, pengine kwa sababu nimekulia Korogwe, ambako pembe kuwa chombo si ajabu: iko ya kuumikia, iko ya mganga, iko ya kupuliza. Bunduki yenyewe sina, wala sina haja nayo.

Gobore hushindiliwa baruti kupitia mdomoni, na baruti ina maadui wawili, unyevu na cheche. Pembe, ambayo ni jamii moja na kucha zetu, haipitishi maji, haishiki kutu wala haitoi cheche, na juu ya hayo ni nyepesi begani. Hata hivyo, mtumiaji mwangalifu hakumimina baruti moja kwa moja kutoka kwenye pembe, bali aliitia kwanza katika kipimo kidogo, kwa maana kaa lililosalia ndani ya mtutu lingeweza kulipua akiba yote mkononi mwake.

Kuutoa mfupa kulihitaji kuichemsha pembe kwa muda wa dakika 45, kisha kuigonga kwenye gogo mpaka ukachomoka. Kazi hiyo ifanyieni nje, na kwa sufuria ambayo haitarudi jikoni.

Ugumu uko kwenye ncha. Sehemu hiyo haina uwazi, kwa hiyo nilipenyeza waya kutoka upande mpana hadi ukagota, nikaulaza waya uleule kwa nje na kutia alama mahali uwazi unapoishia. Keekee huenda moja kwa moja, ilhali pembe imepinda. Mwaka jana nilitoboa kwa pupa, na ncha ya keekee ikatokea ubavuni. Safari hii nilikata ncha fupi zaidi, nikaibana pembe kwenye jiliwa, nikatoboa kidogo kidogo huku nikisimama kila mara kupima mwelekeo, mpaka nikahisi keekee imezama ghafla, na vumbi lenye harufu ya nywele zilizoungua likanimwagikia viatuni.

Upande mpana nao haukuwa duara kamili, kwani hakuna ng'ombe anayeota pembe kwa bikari. Nilirudisha sehemu hiyo katika maji yanayochemka, ikalainika, nikasukumia ndani koni ya mbao na kuiacha humo ipoe, nayo ikashika umbo. Kitako, yaani kipande cha mbao cha kuzibia upande huo mpana, nilikichonga kwa msonobari, mti uliotumika katika pembe nyingi za zamani, nikakizungushia nta ya nyuki iliyoyeyushwa, kisha nikakifunga kwa vijiti vinane vya mbao ngumu vilivyopita kwenye pembe na kuingia kwenye kitako. Nilipokitumbukiza ndani ya ndoo na kupuliza kwa kupitia nchani, mapovu mawili yalitokea karibu na kijiti cha tatu. Nta kidogo zaidi ilimaliza shida hiyo. Kizibo kilikuwa kazi ya jioni moja tu.

Kukwangua ndiko nilikokupenda. Kwa kipande cha kioo na baadaye msasa, nilipunguza ganda la nje hadi mwanga ukapenya. Nikiielekeza pembe dirishani, kivuli cha kidole changu kilionekana ndani yake. Ndivyo mwenye pembe alivyojua baruti imebaki kiasi gani bila kufungua kizibo.

Katika vita vya Waingereza na Wafaransa huku Marekani, hasa kati ya 1755 na 1760, askari waliokaa kambini na ngomeni kando ya Lake George na Mto Hudson walichora juu ya pembe zao majina, ngome na ramani za mito. Mto Hudson si wangu. Nilichukua sindano nikachora Mto Pangani kuanzia bwawa la Nyumba ya Mungu, nikaupitisha Korogwe, kisha nikasugua masizi yaliyochanganywa na mafuta ili mistari ionekane. Mto ulinizidi urefu, na mji wa Pangani imebidi niubane pembeni kabisa, juu ya kijiti kile cha tatu.