Vioo vya Sketi za Navratri

Kila upepo wa kusi unapoanza kulegea, kati ya Septemba na Oktoba, mimi hukumbuka baraza la duka karibu na Biashara Street, hapa Mombasa, ambako marehemu baba yangu aliweka cherehani yake. Majuma mawili kabla ya Navratri, sikukuu ya Wahindu, hakupokea kazi nyingine, si kanzu wala sare za shule, kwa kuwa akina mama wa Kihindi walikuwa wamekwisha kumletea vitambaa vya chaniya choli, yaani sketi pana ya marinda na blauzi fupi, pamoja na vijikaratasi vilivyofungiwa vioo vidogo vya duara. Kioo hicho hakina tundu, kwa hiyo hushikwa na uzi peke yake. Baba alikilaza juu ya kitambaa, akapitisha nyuzi mbili za kulala na mbili za kusimama, kisha akakizunguka kwa sindano, akizivuta nyuzi zile kuelekea ukingoni, mpaka kioo kikatulia ndani ya pete ya hariri. Sketi moja ilibeba mamia ya vioo.

Ufundi huo asili yake ni Kutch, upande wa Gujarat unaopakana na bahari, ambako wazee wa familia nyingi za Kihindu za hapa Mombasa walipandia majahazi wakaja na upepo wa kaskazi. Nalitaja hilo kwa sababu tumezoea kusema "sikukuu ya Wahindi", kana kwamba India nzima husherehekea kwa namna moja. Navratri maana yake ni usiku tisa, nazo ni za kumtukuza Mungu katika sura ya mama, lakini kila jimbo lina desturi yake. Bengal hufinyanga sanamu kubwa za Durga, huyo Mungu mama, ambazo mwishoni huzamishwa mtoni. Tamil Nadu wanawake hupanga wanasesere kwenye ngazi sebuleni na kualika majirani waje kuwatazama. Gujarat watu hucheza garba, ngoma ya kuzunguka duara. Mombasa ilipokea zaidi ile ya Gujarat, kwa kuwa watu wa huko ndio waliotia nanga hapa kwa wingi.

Jirani yetu wa orofani alikuwa mama mtu mzima ambaye sisi watoto tulimwita Ba, kama walivyomwita wajukuu zake. Mwaka mmoja alishuka ngazi, akasimama mbele ya cherehani, akasema, "Fundi, njoo leo na watoto, uone kazi yako ikicheza." Baba akajibu, "Inshallah, Ba, tutakuja baada ya isha."

Tulikuta uwanja umejaa. Katikati palikuwa na chungu cha udongo kilichotobolewa matundu, na ndani yake taa ikiwaka. Ba alitueleza kwamba jina garba limetokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi: chungu ni tumbo, taa ni uhai uliomo, na wachezaji huuzunguka uhai huo miguu mitupu. Wanawake waliinama, wakapiga makofi, wakainuka na kugeuka, na kila walipogeuka sketi zilifunguka na vioo vikatupa vimulimuli ukutani. Baadaye zilitolewa fimbo za dandiya, ngoma ya kugonganisha fimbo, na vijana wakashika uwanja. Fimbo zina raha yake, lakini mimi mpaka leo napendelea garba ya makofi, maana ndani yake husikia pumzi za watu. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza garba ya Gujarat katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika, na nilifurahi kama mtu aliyesikia habari njema ya nyumbani kwake.

Ba alifunga siku zote tisa. Mfungo wake haukuwa kama wetu wa Ramadhani. Aliacha nafaka na kula matunda, maziwa, njugu na viazi, na hapa pwani muhogo ukawa msaada mkubwa, kwa kuwa hata zile chembe za sabudana zinazopikwa siku hizo hutengenezwa kwa wanga wa muhogo. Mama alimchagulia muhogo laini sokoni Mwembe Tayari. Naye alijua mipaka: Idi ilipofika, sahani iliyopanda orofani ilikuwa na kaimati na visheti, kamwe si mkate wa mayai, kwa sababu Ba hakula mayai.

Asubuhi ya siku ya kumi, ambayo ni Dussehra, sahani ile ilirudi na jalebi za moto na fafda, vile vipande vyembamba vya unga wa dengu vilivyokaangwa. Juu yake palikuwa na kijikaratasi chenye vioo vilivyodondoka uwanjani, na sketi ya mjukuu ilikuwa begani kwa Ba. Zilibaki siku tano kufika mwezi mpevu wa Sharad Purnima, ambapo garba huchezwa tena. Baba alinawa mikono, akatafuta uzi wa rangi ile ile, akaanza.