Vyuma vya Wanorse kwenye kisiwa kisicho na mtu

Huku Arusha Julai tunalia baridi, kumbe kuna Skraeling bana, kakisiwa kasikokaliwa na mtu kando ya kisiwa kikubwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada. Mwaka 1978 mwanaakiolojia Peter Schledermann akichimba magofu ya nyumba za Wathule, mababu wa Wainuiti (wenyeji wa huko kwenye baridi), akakuta vitu vya Wanorse, yaani Waviking wa Skandinavia na wazao wao: ribiti za meli, kitambaa cha sufu na kipande cha vazi la vita, vijipete vya chuma vilivyoshikana na kutu. Ni vya karne ya 13 hivi. Sasa vilifikaje? Wengine wanasema meli ilivunjika, wengine biashara, maana Wanorse wa Greenland walitafuta sana pembe za walrasi, yule mnyama mkubwa wa bahari ya baridi. Mi nakubali biashara, ila vazi la vita nani anauza jamani?