Objekti moja, majina mawili

Mwambie mtu abuni namna ya kuandika objekti za programu (vifungu vya data ambavyo programu huvishika kwenye kumbukumbu) kwa maandishi yanayosomeka, na kwanza atahangaika na mabano. Ya mraba au ya mviringo? Koma au mstari mpya? Nadhani ni kwa sababu mabano yanaonekana. Kinachosumbua hasa hakionekani: kwenye kumbukumbu objekti zimefumwa kama wavu, na faili ni uzi mmoja mrefu wa herufi.

Chukua oda ambayo nyuga zake mbili (uga ni sehemu ya objekti yenye jina lake), mteja na mlipaji, zinaelekeza kwa mtu yuleyule. Kiandikaji (kipande cha programu kinachoandika faili) kisichojali kitamwandika mara mbili. Faili inapendeza, inasomeka, na ikifunguliwa tena inaleta watu wawili. Ukibadili jina la mmoja, wa pili anabaki na la zamani, na hakuna kosa lililotangazwa popote. Mzunguko ni afadhali, kwa kuwa haujifichi: mzazi anamtaja mtoto, mtoto anamtaja mzazi, kiandikaji kinazunguka hapo hapo mpaka nafasi ya kuitana kwa funksheni inaisha na programu inaanguka.

JSON, umbo la maandishi linalotumika sana kubebea data, haina njia ya kusema "yuleyule". YAML, umbo jingine la aina hiyo, inayo, kwa alama & na *, ya kwanza ikiipa objekti lebo na ya pili ikiirejelea kwa lebo hiyo, nami sioni haja ya kubuni nyingine:

```
muundo 1
Oda {
  namba: 41,
  mteja: &1 Mteja {
    jina: "Asha",
    punguzo: 0.1,
  },
  mlipaji: *1,
}
```

Kuandika hivi kunahitaji mapito mawili. La kwanza linatembelea kila objekti na kuhesabu imefikiwa mara ngapi. La pili linaandika, na kuzipa lebo zile tu zilizofikiwa zaidi ya mara moja. Ukiweka lebo kila mahali, msomaji anazama kwenye namba zisizomhusu. Kuhesabu kufuate utambulisho wa objekti, yaani mahali ilipo kwenye kumbukumbu, wala si yaliyomo: wateja wawili wenye jina moja hawajawa mtu mmoja.

Kusoma ndiko kwenye mitego. Ukikutana na &1, unda objekti tupu, isajili kwa lebo yake, ndipo uanze kujaza nyuga. Ukisubiri ijae kwanza, *1 iliyo ndani yake haitakuwa na cha kuelekeza. Zipo aina ambazo haziwezi kuundwa tupu, kwa sababu kijenzi chake, yaani funksheni ya kuziunda, kinadai thamani zote papo hapo. Kwa hizo weka daftari la madeni: objekti ipi, uga upi, inadai lebo ipi. Lebo ikipatikana, deni linalipwa. Faili ikiisha na deni moja limebaki, kataa faili nzima. Mzunguko ambao kila objekti ndani yake inakataa kusubiri si wa kukuogopesha, kwani kwa kawaida hata programu iliyoandika isingeweza kuujenga.

Mtego mbaya zaidi uko kwenye seti (mkusanyiko usiorudia kitu) na kamusi (jozi za ufunguo na thamani). Objekti ikiingizwa kwenye seti kabla nyuga zake hazijajaa, heshi yake, yaani namba inayotokana na yaliyomo na ambayo seti hutumia kuitafuta, inakokotolewa kwa thamani tupu. Nyuga zikijaa, heshi inabadilika, na objekti imo ndani ya seti lakini ukiiulizia unaambiwa haimo. Kwa hiyo seti na kamusi zijazwe mwisho kabisa, baada ya madeni yote.

Kuhusu aina za thamani nina msimamo mkali: umbo la maandishi peke yake liamue, kisomaji kisibahatishe. YAML 1.1 ilibahatisha. Neno no lisilo na alama za nukuu lilikuwa thamani ya si-kweli, na hivyo kifupi cha nchi ya Norway, NO, kikapotea kwenye orodha za nchi. 22:22 ilisomwa 1342, kwa kuhesabu kwa sitini. Toleo la 1.2 la mwaka 2009 liliyaacha hayo mawili, ila maktaba za programu zinazofuata kanuni za zamani bado zipo. Na namba ya toleo 1.10 iliyoandikwa bila nukuu inageuka 1.1 mpaka leo. Maandishi yakae ndani ya nukuu daima, hata yakiwa neno moja. Ni herufi mbili tu.

Namba zina vituko vyake. 1 na 1.0 ziandikwe tofauti na zibaki tofauti. Sarufi ya JSON haiwekei namba kamili kikomo, lakini visomaji vingi huiweka kwenye desimali ya biti 64, ambayo ina uhakika wa namba kamili zote mpaka 9007199254740992 tu. Kipe kisomaji cha namna hiyo 9007199254740993, nacho kitakurudishia iliyotangulia. Upande wa desimali, tarakimu 17 zinatosha kurejesha thamani yoyote ya biti 64 bila kupoteza kitu, lakini 0.1 itaonekana 0.10000000000000001, na nani atataka kusoma hivyo? Tumia njia inayotoa tarakimu chache kabisa zinazorudisha thamani ileile. Lugha nyingi za sasa zinayo tayari. Angalia pia funksheni ya kuchapa isifuate mipangilio ya lugha na nchi iliyowekwa kwenye mashine. Pengine itatoa 0,1, na pale ambapo koma hutenganisha vipengele, namba moja imezaa mbili.

Jina la aina, kama Mteja hapo juu, litoke kwenye orodha uliyoiruhusu mwenyewe. Jina kamili la klasi, yaani aina kama ilivyotangazwa kwenye kodi ya programu, litavunjika siku faili za kodi zikihamishwa, na kisomaji kinachounda klasi yoyote iliyotajwa kwenye faili kimemkabidhi mgeni funguo za nyumba. Pickle, zana ya lugha ya Python ya kuhifadhi objekti, inajulikana kwa hatari hiyo hiyo.

Mpangilio: uga mmoja kwa mstari, koma hata baada ya wa mwisho, nyuga kwa utaratibu wa tangazo, funguo za kamusi kwa mpangilio wa namba za Unicode (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba). Kuongeza uga mmoja kubadilishe mstari mmoja. Data ghafi ya baiti iende kwa base64, njia ya kuandika baiti kwa herufi za kawaida, inayogeuza kila baiti 3 kuwa herufi 4, na isiposomeka na mtu haidhuru.

Jaribio la kwanza ni kuandika, kusoma, kuandika tena, kisha kulinganisha faili mbili baiti kwa baiti. Halitoshi. Yule mteja aliyegawanyika atapita salama, kwa sababu mara zote mbili ataandikwa mara mbili. Baada ya kusoma, uliza moja kwa moja kama oda.mteja na oda.mlipaji ni objekti ileile.

Bado sijaridhika na maelezo ya pembeni. Faili ikisomeka, watu wataihariri kwa mkono na kuacha maneno baada ya alama ya #. Programu ikiihifadhi tena, maneno hayo yanatoweka, maana hayamo kwenye objekti yoyote. Unaweza kuyafunga kwenye uga unaofuata na kuyarudisha, lakini uga ukifutwa yanabaki yatima. Kwa sasa naona heri mstari mmoja mwanzoni mwa faili useme wazi kwamba kitakachoandikwa baada ya # kitafutwa.