Moshi mweusi, wiki tatu kabla ya ukaguzi

Karatasi ya ukaguzi wa mwaka jana bado ninayo kwenye dashibodi ya veni yangu. Mstari wa moshi umeandikwa 2.4, na pembeni yake kikomo cha injini isiyo na tabo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini) kama yangu: 2.5. Tulipita kwa unywele, nami nikaondoka pale napiga mluzi kana kwamba nimefanya kazi ya maana. Mwaka mzima sikugusa kitu. Mwaka huu, zikiwa zimebaki wiki tatu, nilikuwa napanda mlima na mzigo, nikatupa jicho kwenye kioo cha pembeni nimtafute mwenye pikipiki aliyekuwa nyuma yangu. Sikumwona. Niliona wingu. Baadaye akachomoza ubavuni, kajiziba pua kwa kola ya shati, akanitazama bila kusema neno.

Veni yenyewe ni dizeli ya zamani, silinda nne, pampu ya dizeli ya vyuma vitupu isiyojua kompyuta ni nini. Nalisema hili mapema kwa ajili ya wenye magari ya kisasa, msije mkaniuliza mbona sikuchomeka mashine ya kusoma makosa. Hakuna pa kuchomeka.

Rangi kwanza. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, yaani ringi au sili za valvu. Mweupe unaong'ang'ania hata injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua, au maji yamepata njia ya kuingia. Wangu ulikuwa mweusi. Nilishika kitambaa cheupe kwenye mdomo wa ekzosi, kikatoka na masizi makavu yasiyoteleza vidoleni. Nikashusha pumzi, maana oili ingekuwa habari ya kufungua injini. Mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa ya kuiunguzia. Sentensi hiyo ina pande mbili, na mimi nikakaa upande mmoja kwa siku 11.

Upande wa hewa niliumaliza kwa dakika tano. Filta ya hewa ilikuwa mpya, niliiweka mwenyewe. Hata hivyo nikafungua eya klina, yaani boksi lake, nikaitoa filta kabisa, nikamwambia mke wangu apige resi. Moshi ukatoka vilevile. Basi, nikasema, hewa haina kesi. Nikafunga kifuniko na vibanio vyake vinne, nikahamia kwenye dizeli.

Nilianza na chupa ya dawa ya kusafisha nozeli, vile vinyunyizio vinavyopuliza dizeli ndani ya kila silinda; dawa ile ya kumimina kwenye tenki. Haikufanya kitu. Sisemi hazifanyi kazi popote. Nasema kwangu nilimimina na moshi haukutikisika.

Halafu nikafanya jambo ambalo sijivunii. Nyuma ya pampu kuna skrubu ya kupimia dizeli inayokwenda kwenye injini, na kila kijiwe cha madereva kina mtu atakayekwambia, "Irudishe kidogo tu, ukimaliza ukaguzi unaifungulia." Niliweka alama ya rangi, nikaizungusha robo. Moshi ulipungua, kweli. Na nguvu zikapungua nao. Mlima ninaoupanda siku zote kwa gia ya tatu niliupanda kwa gia ya kwanza, tupu, bila mzigo, nikipitwa na baiskeli. Jioni ile ile nikairudisha skrubu kwenye alama yake.

Kilichonipa mwanga ni mbinu ya kizamani. Injini ikiwa inanguruma yenyewe bila kukanyagwa, unalegeza nati ya bomba la nozeli, moja baada ya nyingine, huku umefunika kitambaa, na ngozi yako iko mbali. Dizeli ikitoka kwa presha hupenya ngozi kama sindano, na hilo ni jambo la kukimbizwa hospitali, si la kupaka mafuta. Ukilegeza nati ya silinda nzima, injini inachechemea. Ukilegeza ya mgonjwa, haibadiliki sana, ila moshi unapungua. Ya kwanza ilichechemea. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nililegeza, injini ikaendelea kana kwamba hakuna aliyeigusa, na ekzosi ikasafika. Ya nne ilikuwa katikati, haieleweki.

Nikazilowesha nozeli usiku kucha kwa dawa ya kutu, asubuhi nikazifungua kwa soketi ndefu ya 27. Tatu zilitoka kwa adabu. Ile ya tatu ilipiga kelele ambayo bado naisikia.

Nikazipeleka kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ni nozeli na pampu tu. Kabla hata hajazipokea akaniuliza, "Kijana, skrubu ya pampu mmeigusa?" Mficha uchi hazai, nikamwambia yote, na alama ya rangi. Akaguna tu, akafunga nozeli ya kwanza kwenye mashine yake ya mkono.

Hapa ningetamani mngekuwepo. Mashine ni wenzo, tangi dogo la dizeli na saa ya presha. Anasukuma wenzo polepole, mshale unapanda, na nozeli ikifika presha yake inafunguka. Nozeli nzima inalia. Inatoa mlio mkavu wa haraka, kama mlango mdogo wenye bawaba kavu, na dizeli inatoka kama ukungu mwembamba wenye umbo la pia. Ya kwanza ililia kwenye bar 130, ndipo zilipotakiwa. Ya pili ikafuata. Ya tatu haikulia. Mshale ulifika 95, na badala ya ukungu kikatoka kijiuzi kilichonyooka, halafu tone likabaki likining'inia kwenye ncha, likakua, likaanguka. "Hii hainyunyizi," mzee akasema, "hii inakojoa." Ya nne ilinyunyiza, lakini upande mmoja.

Akabadilisha ncha mbili, akaongeza washa nyembamba chini ya springi mpaka zote nne zikafunguka pamoja. Akanipa na washa mpya za shaba za kukalia nozeli, akanionya nisirudishe za zamani hata kama zinaonekana nzuri, kwa sababu zikishabanwa mara moja hazizibi tena. Kufunga hakukuwa na hadithi: kutoa upepo kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli, kupiga stata huku nati zimelegezwa mpaka dizeli ije bila mapovu, kukaza.

Ikawaka. Ekzosi safi kabisa. Nilizunguka veni mara mbili nikiitazama kama bwana harusi.

Kisha injini ikapata moto. Nikapiga resi mpaka mwisho, kama watakavyopiga wakaguzi, na wingu likarudi. Si kubwa kama la zamani, lakini jeusi. Ikiwa baridi hakuna kitu. Ikiwa ya moto na resi ndefu, masizi. Na ukaguzi unataka hivyo hivyo: oili ifike nyuzi 80 hivi, mkaguzi akanyage mpaka gavana, kidhibiti cha kasi ya injini, ikatae, tena na tena, huku kifaa kikipima mwanga unaozibwa na moshi. (Kama mnakusudia kujaribu nyumbani, angalieni taiming belti kwanza, ule mkanda unaozipa valvu mwendo. Belti iliyochoka huchagua resi kama hizo kukatika, na valvu zikigongana na pistoni moshi hautakuwa shida yenu tena.)

Siku mbili nilimlaumu mzee kimoyomoyo. Mke wangu, aliyekuwa kwenye pedali mchana kutwa, alinitolea kichwa dirishani: "Baba, zima, majirani wameanza kuanua nguo." Akashuka, akaegemea mlango, akauliza swali la mtu asiyejua magari: hewa inaingilia wapi? Nikamwonyesha eya klina. Halafu inakwenda wapi? Nikamwonyesha mpira mnene unaotoka pale hadi kwenye injini. "Na huo uliufungua?"

Sikuufungua. Nilitoa filta, na filta iko kabla ya mpira.

Nikauchomoa upande wa injini, njia ikabaki wazi, nikahakikisha hakuna kitambaa wala mtoto karibu. Akapiga resi. Hewa ilivuma kama upepo wa chupa, na nyuma hakukuwa na moshi. Hata kidogo. Nikamwambia apige tena, kwa raha tu.

Kwa nje mpira ule haukuwa na ufa wala alama. Nikaingiza kidole. Ndani kulikuwa na ngozi ya pili iliyobanduka, imeloa mvuke wa oili kutoka kwenye bomba la kupumulia injini, na katikati ilikuwa inaning'inia kama ulimi. Ukiwa baridi ulimi ulikuwa mgumu, umelala ukutani. Ukipata joto unalegea, na injini ikivuta kwa nguvu unasimama na kuziba njia. Nilipouvuta kwa kidole ulikuja wote, urefu wa kiganja, laini kama ngozi ya samaki.

Mpira mpya, vibanio viwili, dakika kumi.

Siku ya ukaguzi niliiendesha kilomita 30 kwa gia ya tatu ili iteme masizi ya zamani na ifike ikiwa ya moto. Foleni ilikuwa ndefu, sikuizima. Mkaguzi aliingiza kifaa kwenye ekzosi, akakanyaga, akasubiri, akakanyaga. Karatasi ikatoka: 1.1.

Nilipita kwa mzee kumwonyesha mpira wa zamani na kumwomba radhi kwa mambo ambayo hakujua nimeyafikiri. Akaingiza kidole, akapapasa pale ulimi ulipobanduka, akacheka mpaka akakaa. Hakunirudishia. Ameutundika ukutani, juu ya mashine yake, na nasikia kila anayemletea nozeli anaulizwa kwanza kama ameshatia kidole kwenye mpira wa hewa.