Stafi puani mwa watoto: utofauti unavyopotea kabla ya mashine

Anayetaka kujua vinasaba vya Staphylococcus aureus, bakteria wa kundi la stafi wanaobebwa puani na watoto wa chini ya miaka 5, huanza kuulizia mashine ya kusoma DNA. Mimi huanza na pua.

Kiangazi cha Dodoma ni vumbi na hewa kavu, kwa hiyo pua zinajaa ukoko. Pamba kavu huteleza juu yake na kurudi bure. Nalowesha kijiti kwa salaini safi, nakikamua ukutani mwa bomba, nakiingiza kama sentimita 1, nazungusha mara 5, kisha kilekile tundu la pili. "Mama, mpakate, mkono mmoja kifuani, mwingine kwenye paji." Kichwa kikitikisika, pamba inagusa mdomo na unaondoka na bakteria wa ngozi. Uliza pia kama mtoto amekunywa amoksilini karibuni, uandike.

Sampuli za Bahi au Kongwa husafiri kwenye kiowevu cha kusafirishia sampuli (Amies) ndani ya kasha la baridi, bomba lisiguse barafu, na zipandwe ndani ya saa 24.

Kupanda, natumia agari ya manitoli (chakula cha bakteria) yenye chumvi asilimia 7.5, kwa nyuzi 35 hadi 37, naikagua baada ya saa 24 na tena 48. S. aureus huigeuza njano, lakini unjano peke yake si ushahidi, maana wapo stafi wengine wanaogeuza rangi hiyo. Kinachofuata ni koagulesi ya bomba, yaani kuona kama kimeng'enya cha bakteria kinagandisha plasma ya sungura; isomwe saa 4 za kwanza. Isipoganda, iache hadi 24. Wanaosubiri kusoma kesho yake tu hudanganyika: baadhi ya bakteria hutoa kimeng'enya kingine kinachoyeyusha mgando wao wenyewe, nawe unakuta maji na kuandika hasi.

Sasa kosa kubwa: kuchukua koloni (kichuguu cha bakteria kilichoota kwenye agari) moja kwa kila mtoto. Pua moja inaweza kubeba aina mbili au zaidi, na hapo umeshazifuta. Mimi huchukua koloni 5, nikianza na zinazotofautiana kwa sura, kisha kila moja naiwekea visahani vya karatasi vyenye dawa, ikiwemo sefoksitini ya mikrogramu 30. Duara lisiloota bakteria kuzunguka sefoksitini likiwa la milimita 21 au pungufu, ni dalili ya usugu kwa dawa ya methisilini. Koloni zenye majibu yanayofanana, napeleka moja tu kusomwa vinasaba. Najua napoteza kitu, lakini bajeti nayo ina mwisho.

Kutoa DNA, kimeng'enya cha lisozaimu hakivunji ukuta wa bakteria huyu, tumia kile cha lisostafini. Upimaji wa spa, jeni moja ya bakteria huyu, husoma vipande vya takriban herufi 24 za DNA vinavyojirudia, na ni nafuu; MLST, njia ya pili, husoma vipande vya jeni 7 na ndiyo hukupa namba za koo (nasaba za bakteria) kama ST8, ST88 na ST152. Soma mlolongo pande zote mbili, kwani herufi moja iliyokosewa huzaa aina "mpya" isiyokuwepo.

Ndugu watatu wa nyumba moja Nkuhungu wakiwa na aina ileile, huenda wameambukizana tu. Kwa hiyo namba ya kaya iwemo kwenye fomu tangu siku ya kwanza. Kuitafuta baadaye kwa simu ni balaa.