Kadi ndani ya leso

Nimetoka barazani sasa hivi, viatu bado vina vumbi.

Afisa alikuja kutueleza Maisha Namba, namba ya utambulisho ya serikali ya Kenya. Watu kimya, nyuso zimekunjwa. Mwaka 2019 tulipanga foleni ya Huduma Namba, mpango wa utambulisho uliotangulia, tukatoa alama za vidole, halafu Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema kadi zilitolewa bila kufuata sheria ya kulinda data.

Bibi mmoja akasimama. Akafungua fundo la leso polepole: hela za mboga, tembe mbili za dawa, na ile kadi ya Huduma. Bado inang'aa!

"Mwanangu, hii nayo niipeleke wapi?"

Afisa akainamia makaratasi yake.

Yenu mliiweka wapi jamani? Yangu hata haikuja.