Namba nyuma ya kitabu cha nyimbo

Bwana asifiwe, wapendwa. Masomo ya juma hili ni Kutoka 21:28-29 na Walawi 19:16-17. Muyasome kwanza, mimi nawangoja.

Ndani ya jalada la nyuma la kitabu changu cha nyimbo kuna namba ya motoka iliyoandikwa kwa penseli. Imepindapinda, kwa sababu niliiandika haraka haraka, nimesimama nyuma ya motoka mwisho wa safari ya njia ya Kipushi, Alhamisi moja jioni mwishoni mwa Oktoba, mvua za mwanzo zikiwa zimeshalowesha lami.

Nilikuwa nimeketi nyuma ya shofere. Ilikuwa Hiace ya usukani wa kulia, kama nyingi hapa kwetu Lubumbashi. Sisi Kongo tunapita upande wa kulia wa barabara, lakini motoka hizi zimetoka Japani, na kule wanapita kushoto. Kwa hiyo mlango wa abiria unafungukia katikati ya barabara, na shofere anakaa pembeni kabisa, upande wa majani. Akitaka kulipita lori, haoni kinachokuja mbele mpaka nusu ya motoka iwe imeshatoka nje. Macho yake ni yule anayeketi mbele, kushoto kwake. Mnajua wenyewe: shofere anauliza, abiria anajibu, tunapita.

Alhamisi ile macho yetu yalikuwa kijana wa sare ya shule, simu mkononi.

"Iko kitu?"

Kijana anainua kichwa. "Hapana, pita."

Tukapita mara ya kwanza, tukapita mara ya pili. Mara ya tatu alisema "pita" bila kuinua kichwa, na kulikuwa na lori. Shofere alirudi ndani, lakini kioo chake cha pembeni kilibaki kwa lile lori tulilokuwa tunalipita. Kilivunjika kwa sauti ndogo tu, kama kikombe kinachoanguka jikoni. Ndipo nikasikia vizuri ile harufu niliyokuwa najifanya siisikii tangu tulipoondoka. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Saa kumi na moja za jioni, watu kumi na wanane ndani ya motoka, na shofere amekunywa lutuku.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Shofere, mupole, tuko na batoto."

Akajibu bila kugeuka: "Mama, mwenye kuogopa anashuka."

Hakuna aliyeshuka. Hata mimi. Nilitoa penseli, na tuliposhuka mwisho wa safari nikazunguka nyuma ya motoka kama mtu anayetafuta kitu kilichomwanguka.

Juma la kwanza nilijiambia nitamwombea, na kweli nilimwombea. Juma la pili nilikuwa bado namwombea, na namba ilikuwa bado kwenye kitabu cha nyimbo. Sisemi maombi ni kitu kidogo. Nasema yangu yalikuwa yamegeuka mahali pa kujificha, kama mtoto anayekwenda msalani kila anapotumwa kuchota maji.

Angalieni jambo moja tunalofanya kila siku bila kuliona. Hiace imejaza, wanne wamebanwa kwenye kiti cha watatu, mmoja amesimama ameinama mlangoni. Mbele kunatokea polisi wa barabarani, wale tunaowaita "roulage". Nani anampasha shofere habari? Sisi wote! "Shofere, roulage ile pale!" Aliyesimama anashuka, anatembea mita mia moja, anapanda tena ng'ambo, na tunacheka pamoja. Mimi nimecheka mara nyingi. Kumbe kupeleka habari tunajua sana. Tunamshitaki polisi kwa shofere kila siku ya Mungu. Ni shofere kwa polisi ndiyo tunasema Mkristo hapaswi.

Tena Biblia haina aibu na jambo hili. Katika 2 Wafalme 9 mlinzi amesimama juu ya mnara wa Yezreeli, anaona gari la farasi linakuja. Hajaona uso wa mtu. Anasema uendeshaji ule ni kama wa Yehu mwana wa Nimshi, kwa maana anaendesha kwa kasi sana. Yaani hata zamani zile mtu alikuwa anajulikana kwa uendeshaji wake! Nikiwaza stendi zetu, nadhani kila mmoja wenu ana Yehu wake anayemjua kwa honi tu.

Lakini somo la juma hili si Yehu. Ni ng'ombe.

Sheria ya Kutoka 21 inasema hivi, kwa maneno yangu: ng'ombe akimpiga mtu pembe akamwua, ng'ombe atapigwa mawe, lakini mwenyewe hana hatia. Ila kama ng'ombe huyo alikuwa na mazoea ya kupiga pembe tangu zamani, na mwenyewe ameonywa, naye hakumfunga, kisha ng'ombe akaua, basi hatia ni ya mwenyewe pia, na hatia nzito. Nimesoma mstari huu miaka mingi nikitafuta ng'ombe na mwenye ng'ombe. Mwezi huu nikaona kuna mtu wa tatu ambaye hakutajwa. Sheria inasema "ameonywa". Ameonywa na nani? Ng'ombe hakujisema. Kuna jirani aliyekuwa anapita na mzigo wake, akafukuzwa mpaka kwenye ua, akaenda kugonga mlango: Papa, ng'ombe wako huyu, mufunge.

Jirani huyo akinyamaza, sheria yote inalala. Mwenye ng'ombe atasema mbele ya wazee, mimi sikujua, na atakuwa anasema kweli. Ng'ombe atapigwa mawe baada ya maziko. Kisha atanunuliwa ng'ombe mwingine.

Najua mnachotaka kuniuliza, kwa sababu ndicho nilichojiuliza mimi. Je, huko si kuchongea? Shofere yule ana watoto, na jioni ana hesabu ya kumpelekea mwenye motoka, iwe amepata abiria au hakupata. Ndiyo maana anakimbia. Mbona nimwongezee mzigo?

Walawi 19:16 ni mstari wa ajabu. Nusu yake ya kwanza inakataza kuzunguka katikati ya watu kama mchongezi. Nusu ya pili inakataza kusimama tu damu ya jirani ikiwa hatarini. Zote mbili pamoja, zimetenganishwa na pumzi moja. Musa angeweza kuziweka mbali, tukachagua inayotupendeza. Mstari wa 17 unaongeza kwamba usimchukie ndugu yako moyoni, bali umkemee, usije ukachukua dhambi kwa ajili yake. Hapo nilishikwa. Wiki zote mbili nilikuwa namchukia yule mtu moyoni, huku nikiita ukimya wangu huruma.

Mchongezi husema nyuma, huongeza chumvi, na husema kwa asiyehusika. Tena tusisahau kwamba ushahidi unaweza kuua. Nabothi alipigwa mawe kwa maneno ya mashahidi wawili waliopangwa, kwa ajili ya shamba la mizabibu. Kwa hiyo andika ulichoona kwa macho yako: siku, saa, mahali, namba, kioo. Harufu uliyoisikia, sema uliisikia. Usiseme "huyu ni mlevi kila siku" kama ulipanda naye siku moja tu.

Wengine wananitolea 1 Wakorintho 6, kwamba ndugu asimpeleke ndugu mbele ya mahakimu. Someni taratibu. Paulo anazungumzia watu wanaodhulumiana mali, na anawauliza kwa nini wasikubali kupoteza. Naweza kukubali kupoteza pesa yangu. Mtoto aliye mgongoni mwa yule mama si mali yangu, siwezi kukubali apotee.

Kuna hili la polisi wenyewe. Nisijifanye sijui. Tunasema: ukimpeleka shofere kwao, atatoa madesu ya bana, yaani hongo, atarudi barabarani kabla yako, na hesabu yake ya jioni itakuwa imeongezeka, kwa hiyo atakimbia zaidi. Inatokea. Lakini Yohana Mbatizaji alipofikiwa na askari wakimwuliza wafanye nini, Luka 3:14, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasimshitaki mtu kwa uongo, watosheke na mshahara wao. Alijua hali yao na bado aliongea nao kama watu wanaoweza kufanya kazi yao. Tena kati yetu wanaosoma tafakari hii wamo wenye sare. Ndugu zangu, Jumapili tunaimba safu moja na ninyi. Sheria ya barabara ya nchi yetu ni ya tarehe 30 Agosti 1978, ina umri kuliko wengi wenu. Mkituona tunakuja na namba kwenye karatasi, msituulize tumeleta nini mkononi.

Halafu kuna jambo ambalo wanaomhurumia shofere hawalifikirii. Mmeona ajali inapotokea kwenye mtaa wetu, shofere anafanya nini? Anakimbia. Hakimbii polisi, anakimbia mawe na mafuta ya petroli. Hesabu 35 iliweka miji ya makimbilio ili aliyeua bila kukusudia asife mikononi mwa mlipiza damu kabla ya kusikilizwa. Sisi mji huo hatuna. Mnaotaka kumwonea huruma yule shofere, mwoneeni sasa, wakati kilichovunjika ni kioo tu. Siku ya kundi la watu hakuna atakayesikiliza habari za watoto wake.

Sisi watu wa Katanga hatuhitaji kuelezwa barabara inaweza kufanya nini. Februari 2019, karibu na Tenke, lori la asidi na basi la abiria viligongana, wakafa watu wapatao 20. Leo ni Jumapili ya tatu ya Novemba, ambayo Umoja wa Mataifa tangu 2005 umeitenga kuwakumbuka waliouawa na ajali za barabarani. Shirika la Afya Duniani linasema wanafikia milioni 1.19 kwa mwaka mmoja, na kwamba kwa wenye miaka 5 hadi 29 hakuna kitu kinachoua kuliko hicho. Nilipoona umri huo nilimkumbuka kijana wa simu, aliyepewa kazi ya kuwa macho ya watu kumi na wanane bila kuombwa ruhusa.

Basi nilifanya nini? Nilianza na mwenye ng'ombe. Kuuliza kwa majirani wawili watatu kulitosha, ni mama wa hapa hapa kwetu. Nilikuwa nimejiandaa kumsomea Kutoka 21 yote, lakini nilipomkuta anamenya viazi nikaona haya, nikamwambia habari ya kioo tu. Akaacha kisu.

"Kioo? Aliniambia beshi baliiba."

Tukakaa kimya kidogo. Kisha akaanza: mashofere wote wako vile, "nikimutosha huyu, mwengine atakunywa kumupita." Nikamwambia, Mama, mimi sikuja kukuambia umufukuze. Nimekuja uwe umejua. Hakupenda neno lile. Hata mimi, lilipotoka mdomoni, niliona lina uzito kuliko nilivyotaka.

Siku nne baadaye nikaiona ile Hiace. Kioo kipya, shofere yule yule, ameinamia usukani, macho mekundu, saa mbili asubuhi. Ndipo nikamtafuta yule mama wa mtoto. Kumbukumbu la Torati 19:15 inataka mashahidi wawili au watatu, na kusema kweli peke yangu niliogopa. Nilimpata sokoni, anauza sombe. Alifunga meza yake, akamfunga mtoto mgongoni, tukaenda.

Tulikaa kwenye benchi karibu saa mbili nzima. Askari aliyetupokea alikuwa kijana, amechoka, si mtu mbaya. Alisikiliza yote, kisha akauliza:

"Nani alikufa?"

"Hapana mutu," nikasema.

"Wangapi waliumia?"

"Hapana."

"Sasa munashitaki nini?"

Mimi mwalimu wa Biblia sikuwa na jibu. Yule mama akamhamisha mtoto kutoka mgongoni mpaka mapajani, akamwangalia askari kama anavyomwangalia mteja anayetaka kupunguziwa bei mara ya tatu.

"Papa, njo maana tumekuja leo."

Askari akatafuta karatasi. Akaandika ukurasa mmoja na nusu, namba akaisoma mwenyewe kutoka kwenye kitabu changu cha nyimbo. Kalamu tulimpa sisi, na nilisahau kuiomba tulipotoka.

Juma hili mmwombee shofere huyo. Jina lake sasa nalijua, lakini sitaliandika hapa. Semeni tu "shofere wa njia ya Kipushi", Mungu anajua ni yupi. Mmwombee na mama mwenye motoka, ambaye tangu siku ile ya viazi hajanisalimu.